Mjomba Kitaalamu na Maua Aliyoyang'oa

"Mjomba, nani amekuambia haya ndiyo mabaya?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimekaa juu ya ukuta wa mawe wa kituo cha mbegu, miguu inaning'inia. Yeye alikuwa chini yangu kwenye mstari wa tatu wa shamba, ameinama, kioo cha kukuzia amekibana jichoni kama fundi saa. Anang'oa mmea mmoja, anauacha mwingine. Anang'oa, anaacha. Alisema tu, "Shuka hapo, utaanguka," akaendelea kung'oa.

Mjomba ni kaka yake mama yangu, kitinda mimba wa bibi. Watu wote wa mlimani wanamwita Kitaalamu, kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila neno hilo kutangulia. "Kitaalamu, chai hii imepoa." "Kitaalamu, mlango umefungwa." Siku moja alijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni akaanguka kifudifudi, na kabla hajanyanyuka alikuwa ameshasema, "Kitaalamu, kizingiti hiki kiko juu mno." Kizingiti kimekuwapo tangu hajazaliwa.

Utaalamu wenyewe aliupata kwenye semina ya wiki sita huko bondeni, ambako wanalima maharage. Aliporudi alikuwa na cheti kilichofunikwa plastiki, koti jeupe, na kile kioo, ambacho alikitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Koti alilinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro. Kazini kwake kulikuwa na vyumba viwili, mizani, rafu ya chupa za mbegu, na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani ambayo hakutaka kuitoa kwa kuwa ina picha ya trekta. Trekta haiwezi kupanda mlima wetu hata ikisukumwa. Lakini yeye aliitazama ile picha kama mtu anayesubiri wageni.

Nami nilikuwa shabiki wake namba moja. Niseme ukweli, maana nimeamua kumcheka mtu na si haki kujiruka. Nilidhani duniani hakuna mwenye akili kumzidi.

Mlimani kwetu, kule juu ambako mahindi yanauawa na baridi kabla hayajafika magotini, tunaishi kwa ngano nyeusi. Jina linadanganya, si ngano hata kidogo. Punje yake ni kama kijiwe chenye pembe tatu. Na ziko mbili, ambazo mtu wa bondeni hawezi kuzitofautisha hata umlipe. Ile tamu punje yake ni laini, inang'aa, pembe zake kali zinachoma kidole, na maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo pembeni. Ile chungu punje yake imefifia na kila ubavu una mfereji, kama uso wa mtu aliyeamka vibaya. Maua yake ni ya kijani, madogo, yanachanua na kunyauka wewe hujayaona. Unga wake ni wa manjano na mkate wake unakukumbusha dawa ya minyoo.

Ila chungu haijali baridi. Tamu, usiku mmoja wa umande ulioganda, kwisha habari yake. Ikaja miaka mitatu ya baridi mfululizo, na ilipokwisha, matuta yote ya mlimani yalikuwa na chungu tupu. Ngano tamu ilibaki kwenye kopo moja la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha bibi yangu, nayo ilikuwa imechanganyika na chungu.

"Nimezaa sita, nimezika mume," bibi alikuwa akisema. "Uchungu ninao wa kutosha. Siutaki na kwenye mkate."

Mjomba akajitolea kumchambulia. Alimwaga punje kwenye sinia, akavaa koti, akashika kibano, akaanza moja moja. Kutoka kifungua kinywa mpaka saa sita mchana alikuwa amejaza kikombe cha chai. Bibi naye alikaa upande wa pili wa sinia, anazungumza dirishani na Mama Nyuki, jirani yetu mwenye mizinga, na huku vidole vyake vinatembea vyenyewe: laini kulia, mfereji kushoto, laini, laini, mfereji. Hakutazama hata mara moja. Alipomaliza habari ya Mama Nyuki alikuwa amemaliza na sinia.

"Unaona?" alimwambia Mama Nyuki. "Nimemsomesha ili aje kutafuta kwa kioo kitu ninachokishika."

"Mama, kitaalamu vidole haviaminiki."

"Vidole hivi ndivyo vilivyokufunga nepi. Vilikuwa vinaaminika sana siku zile."

Mama Nyuki alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Mjomba akazirudia punje zote za bibi kwa kioo, kutafuta kosa. Alipata moja. Aliizungumzia mpaka jua likazama.

Zikabaki punje tamu, safi, kopo karibu lijae. Mjomba akataka zikapandwe kituoni, kwenye kipande kilicho chini ya ukuta wa mawe, ambako upepo haufiki na mawe yanatunza joto la mchana. Hilo lilikuwa wazo zuri. Nalitaja kwa sababu sina mengine ya kutaja.

"Chukua nusu," bibi alisema.

"Mama, kitaalamu nusu ni sampuli. Siyo shamba."

"Na baridi ikija?"

"Pale ukutani haiingii."

"Na wewe ukikosea?"

Mjomba alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kirefu namna ile. "Mimi?" akasema, akaigusa kola ya koti.

Bibi ana ulimi, lakini kitinda mimba ni kitinda mimba. Alimpa kopo lote. Akabaki na kifuniko. Alikiweka dirishani juu ya bakuli la chumvi, na kila asubuhi alikifuta vumbi kama picha ya mtu aliyesafiri. Sote nyumbani tulijua maana yake: kama lile shamba halitarudisha mbegu, ngano tamu imekwisha, na bibi atakula chungu mpaka siku ya mwisho wake.

Zikaota. Zikapanda mpaka kiunoni mwangu. Zikachanua, na nyuki wa Mama Nyuki wakahamia pale kama watu waliosikia kuna harusi. Kisha asubuhi ya pili ya maua, mjomba aliingia jikoni mbio, akajikwaa kwenye kile kizingiti, hakukisema.

"Mama! Mbegu zako ni chotara!"

"Mbegu zangu zina mama na baba, kama wewe."

"Maua hayafanani! Nimeyatazama kwa kioo. Mmea huu, vijiti vya kike katikati ya ua ni virefu, vya kiume vifupi. Mmea wa jirani yake, vya kike vifupi, vya kiume virefu. Nusu kwa nusu! Kitaalamu, shamba moja maua yake lazima yafanane."

Alikuwa amezoea ile chungu, ambayo maua yake yote yanafanana, na kule semina maharage nayo yanafanana. Kwake yeye kufanana ndiyo usafi. Bibi alimtazama. Anajua punje kama anavyojua vidole vyake, lakini nani mlimani alikuwa amewahi kulifungua ua na kuchungulia ndani? Maua ni ya nyuki. Kwa hiyo hakuwa na la kumjibu, na mtu mwenye cheti akikosa wa kumjibu huona ameshinda.

Akaanza kung'oa ile yenye vijiti virefu vya kike. Siku nne. Hakumruhusu mtu kumsaidia, maana jicho la kawaida lingeharibu kazi. Aliyoyang'oa aliyarusha nyuma ya ukuta, kwenye rundo ambako kituo kinatupa majivu na chupa zilizovunjika.

Mama Nyuki alipita na beseni lake. "Kitaalamu! Mbona shamba linaota upara?"

"Nasafisha."

"Nyuki wangu hawajalalamika uchafu."

"Nyuki hawajasoma, mama."

"Kweli kabisa," Mama Nyuki alisema. "Ndiyo maana wanajua kazi."

Ni hapo, alipopita Mama Nyuki, mimi nikiwa ukutani, nilipouliza lile swali langu. Sikuuliza kwa kumpinga. Nilitaka kujua tu, kwa sababu maua yaliyoko mkononi mwake na yale aliyoyaacha kwangu yalikuwa mazuri yote. Jibu lake ni lile mlilolisikia: nishuke, nitaanguka.

Sasa, shamba lile lilichanua. Lilichanua jinsi sijawahi kuona. Mkubwa mmoja alipanda kutoka makao makuu, na mabuti mapya ya mpira ambayo bado yalikuwa na karatasi ya bei, akapiga picha akiwa amesimama, akiwa amechuchumaa, akiwa ameshika ua moja kama anamsalimia mtoto. "Hili ndilo shamba safi kuliko yote niliyoyaona," alisema. Mjomba alisimama pembeni, kioo kinang'aa kifuani, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza nyimbo za sifa zake na kukosoa sauti.

Wiki ya tatu bado maua. Ya tano, maua. Ya sita, maua. Ua likishashika mbegu hunyauka likaenda zake. Haya yaliendelea kupendeza kwa sababu hayakuwa na kazi nyingine. Mjomba aliona ni ushahidi wa ubora.

Siku ya kuvuna alitandika turubai uani kwa bibi, akapiga mabua kwa fimbo, akapepeta. Maganda yaliruka. Majani yaliruka. Akapiga tena. Kilichobaki katikati ya turubai kilikuwa konzi moja, tena konzi ya mtoto. Bibi alinyanyuka kitini, akaja, akainama, akazipitisha zile punje kati ya vidole vyake. Nyingi zilikuwa ganda tupu.

"Kopo langu liko wapi?"

"Mama, kitaalamu mwaka huu..."

"Nimeuliza kopo."

Akalileta. Bibi akaingia ndani, akachukua kile kifuniko dirishani, akakifunga juu ya kopo tupu, akalirudisha chini ya kitanda. Hakusema neno siku ile. Mtu anayemjua bibi yangu anaelewa hiyo ni adhabu ya kiasi gani.

Na mjomba? Mjomba alikaa ofisini, chini ya ile picha ya trekta, akaandika ripoti. Niliisoma baadaye. Imeandikwa kwamba mavuno yalipungua "kutokana na wadudu wachavushaji kutotimiza wajibu wao." Mavuno yalipungua! Yaani kopo zima kuwa konzi ni kupungua. Na kwa kuwa wahalifu walikuwa nyuki, Mama Nyuki akaandikiwa barua aihamishe mizinga. Alikuja nayo mkononi mpaka mlangoni kwa bibi, akamkuta mjomba anakunywa chai.

"Nyuki wangu wamekuwa watumishi wa ofisi lini hata waandikiwe barua ya onyo?"

"Kitaalamu, mama..."

"Niwasomee, au utakuja kuwasomea mwenyewe? Njoo na hilo koti lako jeupe. Njoo bila kofia."

Hakwenda. Lakini makao makuu waliziona zile picha, na mwezi uliofuata mjomba akapandishwa cheo kuwa Mkuu wa Kituo. Kituo kina mtu mmoja. Kwa hiyo alikuwa mkuu wa nafsi yake, na hata huyo hakumtawala vizuri.

Wiki moja baadaye bibi aliniita nimsindikize kumwaga majivu kwenye lile rundo la nyuma ya ukuta. Tulipozunguka kona alisimama, majivu mkononi. Ile mimea iliyong'olewa haikufa. Mabua yake ni manene, yana maji, na pale kwenye majivu yenye unyevu yalitoa mizizi upya, yamelala hivyohivyo, yakainua vichwa, yakachanua. Na sasa yalikuwa meusi kwa punje. Yameelemewa. Nyingine zilikuwa zimepukutika kati ya vipande vya chupa.

Bibi alichuma punje moja, akaisugua, akaiweka kwenye ulimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae chini juu ya ndoo.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "kimbia kalete kile kifuniko. Na kopo. Na ukimwambia mtu nakukata ulimi."

"Bibi, kwa nini haya yamezaa na yale hayakuzaa?"

"Nitajuaje? Labda yalikasirika."

Tukaokota punje moja moja kwenye majivu. Vifuniko vinne.

Bibi alizipanda nyuma ya jiko, ambako mjomba hafiki kwa sababu kuna kuku na kuku hawaheshimu koti. Mwaka uliofuata vile vifuniko vinne vilikuwa bakuli. Kisha ndoo. Miaka ikapita, na kwenye baridi mbili mbaya tuliifunika mimea kwa magunia. Mwaka huu, wa saba, lipo tuta zima la ngano tamu kwa bibi, peke yake mlimani kote, na mjomba hakuweza tena kujifanya halioni.

Akaleta barua yenye muhuri. Mbegu ya tuta lile, ilisema, haiwezi kugawiwa majirani mpaka Mkuu wa Kituo aisafishe. Tarehe imetajwa. Bibi sasa macho yake yamefifia, hivyo nilimsomea. Vidole vyake vilitembea juu ya goti kama vinachambua.

"Atayang'oa tena," akasema. "Nami siyaoni hata nimzuie."

Mimi niko kidato cha tatu. Nilikuwa nimeazima kioo cha maabara kwa ajili ya likizo, kwa sababu lile swali la majivu halijawahi kuniacha nilale vizuri. Miezi miwili kabla ya barua nilikuwa nimepanda mbegu dirishani, na maua yalipoanza kujionyesha nikaigawa mimea kwenye makopo matatu, nikayafunika kwa chandarua ili nyuki wasiingie. La kwanza, mimea ya vijiti virefu vya kike tu. La pili, ya vifupi tu. La tatu, mchanganyiko. Kila asubuhi nilihamisha chavua ua kwa ua kwa unyoya wa kuku, kila kopo na unyoya wake. Makopo mawili yalichanua yakapendeza kama shamba la mjomba. La tatu lilikuwa baya, limenyauka, limejaa punje. Yale ya kwenye majivu yalizaa kwa kuwa nyuki waliyaletea chavua kutoka shambani, ng'ambo ya ukuta; nayo yalikuwa machache na yamechelewa, ndiyo maana shamba lenyewe likaambulia konzi.

Hakukuwa na chotara. Kulikuwa na ndoa. Mjomba alikuwa amezunguka siku nne akiwang'oa wake za watu, kisha akawalaumu nyuki.

Siku ya barua alikuja asubuhi, amenyooka kama ameliondoa koti chini ya godoro sasa hivi. Bibi alikuwa amewekewa kiti mwanzoni mwa tuta, jembe limelazwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hupiti."

"Mama, kitaalamu..."

"Zungumza na mjukuu wangu kwanza. Yeye ana macho."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba, yenye mizinga, picha na trekta, maneno makali niliyoyanoa usiku mbili. Nilipomwekea yale makopo matatu chini sikusema hata moja. Nilisema tu, "Mjomba, tazama."

Akachuchumaa. Akakibana kioo jichoni. Alitazama kopo la kwanza, akafungua ua. La pili, akafungua mawili. La tatu alilitazama muda mrefu, akaminya punje, ikatoka unga mweupe kwenye kucha.

"Umetumia nini kuhamisha chavua?"

"Unyoya wa kuku."

"Kila kopo unyoya wake?"

"Kila kopo unyoya wake."

"Kitaalamu," akasema. Nilisubiri, bibi akasubiri. Neno lilibaki pale peke yake, halina la kufuata.

"Malizia, mwanangu," bibi alisema.

Mjomba alikaa chini kwenye udongo na koti lake jeupe. Akavua kioo shingoni, akaizungusha ile kamba ya kiatu kidoleni mara mbili, tatu. Nilidhani atazungumza na mama yake. Alinitazama mimi.

"Siku ile ukutani uliniuliza nani kaniambia yale ndiyo mabaya," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Nilihesabu mimea mia ya kwanza. Hamsini na mitatu ilikuwa hivi, arobaini na saba ilikuwa vile. Nikang'oa iliyokuwa michache."